Binti, Hijabu na Ulingo



Juzi mama mmoja alinijia na shauri. Binti yake wa miaka 12 ameomba kujifunza karate. Baba mtu amenyamaza. Shangazi mtu amekwisha hukumu kwamba mateke na ngumi si mambo ya mwanamwali mwenye sitara. Nikamsimulia habari za Wojdan Shaherkani.

Binti huyu wa Saudia alikuwa na umri wa miaka 16 alipokwenda London mwaka 2012 kushindana judo katika Olimpiki. Yeye na mkimbiaji Sarah Attar walikuwa wanawake wa kwanza kuiwakilisha nchi yao katika michezo hiyo. Siku chache kabla ya pambano, Shirikisho la Kimataifa la Judo likamkataza hijabu, kwa hofu kwamba ingeweza kumkaba shingo. Babake, naye mtu wa judo, akashikilia kuwa bila hijabu bintiye haingii ulingoni. Na huko kwao wakatokea watu wa kumtukania heshima yake mitandaoni kwa sababu tu amekwenda kushindana. Huku aambiwa avue, huku aambiwa arudi nyumbani.

Hatimaye wakubwa waliketi wakashauriana, na dawa ikapatikana: kofia ya kubana, yenye kufunika nywele na isiyoshikika shingoni. Wojdan akapigana. Alishindwa na mwenzake wa Puerto Rico kwa sekunde 82, lakini mlango ulikuwa umekwisha funguka.

Kabla yake, mwaka 2007, wasichana wa Kiislamu wa Quebec, Kanada, walizuiwa kushindana taekwondo kwa sababu iyo hiyo ya hijabu. Miaka 9 baadaye, mjini Rio, Hedaya Malak wa Misri alitwaa medali ya shaba ya mchezo huo huo, nywele zake zimefunikwa.

Tazameni basi: hofu ya shingo ilikuwa na dawa tangu mwanzo, lililokosekana ni watu kuketi na kuitafuta. Na hofu zetu za nyumbani ni vivyo hivyo. Ikiwa twahofia mchanganyiko, tuulize kama kuna mwalimu wa kike na saa za wasichana peke yao. Ikiwa ni mavazi, nguo za karate ni pana, na kofia ya kubana ipo. Lakini tukisema "si mambo ya wanawake," tumkumbuke Bibi Nusayba bint Kaab, aliyesimama Uhud na upanga mkononi akimkinga Mtume (S.A.W.) hata akajeruhiwa.

Nilimshauri mama yule aende na mumewe wakaangalie darasa lenyewe, wamsaili mwalimu, kisha wamwite binti wamsikilize. Wakikataa, wampe sababu atakayoielewa. Wakikubali, shangazi naye aalikwe siku ya kupokea mkanda wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.