Si Kila Jambo ni Shauri ya Mungu



Mtu akifiwa, twasema ni shauri ya Mungu. Mvua ya mawe ikipiga chai, twasema ni shauri ya Mungu. Na mwenzetu akikatwa vidole na mashine kiwandani, twasema vile vile. Leo tunaomba tuyaangalie maneno hayo, maana tumeyazoea mno.

Hatuwacheki wanaoyasema. Maisha ya shamba na kiwanda hayawezekani bila moyo wa kukubali. Mwezi huu mtoto amefaulu mtihani, nyumba nzima inacheka. Mwezi ujao mama yake amelazwa hospitali. Asiyejua kupokea yote mawili atavunjika moyo mapema, na aliyevunjika moyo hawezi kumsaidia mwenziwe.

Chukueni hiyo mvua ya mawe. Ikishuka jioni moja juu ya mashamba ya Kabarole au Bushenyi, majani machanga huraruka yote, na wachumaji hungoja majuma mpaka mti utoe chipukizi tena. Mchumaji analipwa kwa kilo. Pasipo majani hapana kilo. Tumshitaki nani? Wingu halina ofisi. Hapo kukubali ni busara. Lakini katika majuma hayo, je, wachumaji watapewa palizi au watarudishwa nyumbani mikono mitupu? Hilo halikutoka mawinguni. Hilo ni la kuzungumza mezani na tajiri.

Wazee wetu wa Kigezi na Ankole walilijua jambo hili. Walijua kwamba ugonjwa na kifo haviombi ruhusa. Hata hivyo hawakukaa wakilia tu. Walianzisha vyama vya engozi, yaani machela: mgonjwa wa kijiji hubebwa mabegani na jirani zake, kupanda na kushuka milima, mpaka kwenye matibabu, na asiyefika kubeba hutozwa faini. Walikubali kwamba kifo kipo. Hawakukubali mtu afe peke yake. Sisi twaona kwamba chama cha wafanyakazi ni engozi ya namna nyingine.

Sasa turudi kwenye vidole. Tulimtembelea ndugu mmoja aliyepoteza vidole viwili katika mashine ya kusaga majani. Alitukaribisha vizuri, akatuambia, "Ni shauri ya Mungu, tena nilikuwa nasinzia." Tulimwuliza kwa nini alisinzia. Alikuwa ameingia zamu ya pili mfululizo. Tukamwuliza juu ya kinga ya mashine. Ilifunguliwa wakati wa matengenezo, na haikurudishwa. Ndugu, Mungu hakufungua kinga ile, wala si Yeye aliyepanga zamu. Tena Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema fidia hulipwa hata kama mfanyakazi mwenyewe alizembea. Yule ndugu hakujua, akanyamaza. Tulimsaidia kuandika barua ya madai siku ile ile.

Na mshahara je? Kima cha chini cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kima cha chini, lakini Rais hakuitia sahihi. Watu walipanga, watu walipitisha, mtu akakataa. Jambo lililofanywa na watu laweza kubadilishwa na watu.

Lakini tuseme kweli yote, hata ile isiyotupendeza. Yako mambo mengine ambayo si ya Mungu wala si ya tajiri. Siku ya malipo wengine wetu huacha nusu ya mshahara kwenye pombe kabla ya kufika kambini. Wengine hukwepa mkutano wa chama, kisha huuliza chama kimefanya nini. Mnyapara akimtukana mama mmoja mstarini, sisi wengine tunainama na kuendelea kuchuma. Hayo ni yetu sisi.

Basi, balaa likija, kabla ya kusema shauri ya Mungu tujiulize maswali matatu. Je, yuko mtu ambaye angeweza kulizuia? Je, iko sheria au mapatano yanayolihusu? Je, sisi wenyewe tumefanya sehemu yetu? Kama majibu yote hayatuonyeshi la kufanya, basi tulikubali kwa moyo mweupe, tumlilie maiti wetu, tuchange, tumbebe mgonjwa, na siku ya harusi tucheze bila kinyongo. Lakini kama jibu moja linatuonyesha la kufanya, tumwone mjumbe wa chama mapema, tena tulete habari kwa maandishi.

Tusimsingizie Mungu kazi za wanadamu. Umoja ni nguvu.