Mnamcheka Staa kwa Kiingereza, Anayeumia ni Denti wa Form One

Staa wa Bongo akiteleza Kiingereza kidogo tu kwenye intavyuu, kaisha. Klipu inakatwa, inatengenezewa stika za WhatsApp, na kufika jioni kila mtu mjini kageuka mwalimu wa ung'eng'e. Staa mwenyewe haumii sana. Ana shoo, ana hela, kesho anaposti picha mpya maisha yanaendelea.

Anayeumia ni denti wa Form One anayepitia komenti hizo kimya kimya. Huyu kasoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, kafaulu vizuri tu, halafu anaingia sekondari anakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Ticha anajaza misamiati ubaoni, Ijumaa kuna tesiti. Denti anameza yote kama vidonge, Jumatatu hakumbuki hata moja. Na darasani hanyooshi mkono, maana ameshaona mtandaoni anayekosea hufanywa nini.

Kinachosikitisha ni kwamba mengi ya mambo hayo anayajua tayari. Shule ya msingi alisoma usanisinuru, mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Sekondari anakutana na "photosynthesis" anadhani ni dude jipya. Kumbe ni kitu kile kile, na hata neno limejengwa vile vile: "photo" ni nuru, "synthesis" ni usanisi. Tena Waingereza wenyewe wamekopa kwa Wagiriki! Akilishika hilo, "photograph" haimtishi: ni nuru na kuandika.

Neno kubwa halikai kichwani kwa kukaririwa usiku wa kuamkia tesiti. Linakaa likivunjwa vipande, likitungiwa sentensi ya mambo ya mtaani kwake, likirudiwa keshokutwa na wiki inayofuata, na zaidi ya yote likisemwa kwa sauti mbele za watu. Hapo pa kusema ndipo panapotaka ujasiri, na ujasiri huo ndio unaoibiwa na wazee wa klipu.

Halafu wengi wa wanaocheka, wakipewa maiki dakika 2 tu, wataomba maji.

Staa aliyejaribu akakosea kamzidi aliyenyamaza. Wadau, klipu ijayo ikitua, mdogo wenu anayesoma hizo komenti atajifunza nini: Kiingereza, au kuogopa kufungua mdomo?