Pensheni Isiyo na Jina: Kikokotoo cha Tanzania na Kimya cha Kenya

Mwishoni mwa mwaka 2018, neno moja la hesabu lilitoka ofisini nchini Tanzania likaingia sokoni. Neno hilo ni kikokotoo. Limetokana na kitenzi kokotoa, yaani kupiga hesabu, na kabla ya hapo aghalabu lilikuwa neno la wahasibu na wanahisabati. Mwaka huo mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa, na kanuni zilizofuata zikapunguza malipo ya mkupuo ya mstaafu hadi asilimia 25, ilhali wanachama wa baadhi ya mifuko ya awali walizoea kupata asilimia 50. Ghafla kila mtumishi akawa na kauli kuhusu kikokotoo. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaamuru vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi mwaka 2023. Mwaka 2022 kiwango kipya cha asilimia 33 kilitangazwa, na bado mjadala haukuzimika. Katika bajeti ya mwaka 2024 serikali ilikubali kuwapandishia hadi asilimia 40 wale ambao hapo awali walikuwa wakipata nusu.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, nchini Kenya, badiliko zito kuliko hilo lilipita bila neno lolote la Kiswahili kulibeba. Manung'uniko yalikuwapo, lakini zaidi yalihusu makato mapya kwenye hati ya mshahara. Kiini chenyewe cha badiliko hakikujadiliwa mitaani, kwa sababu hakikuwa na jina. Mpango wenyewe unajulikana kwa herufi nne za Kiingereza, PSSS, na matokeo yake bado yanaitwa kwa neno lile lile la zamani: pensheni. Neno limebaki, kitu kinachoitwa kwa neno hilo si kile tena.

Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, mtumishi wa umma hakuichangia pensheni yake mwenyewe. Serikali ilimwahidi kiasi kinachojulikana: sehemu moja kwa 480 ya mshahara wake wa mwaka kwa kila mwezi aliotumikia. Mwalimu aliyefundisha kwa miaka 30, akastaafu akiwa na mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi, alistahiki robo tatu ya mshahara huo, yaani shilingi 45,000. Akiamua kutoa robo ya pensheni hiyo ili apate kiinua mgongo, alipokea shilingi 2,700,000 kwa mkupuo, kisha shilingi 33,750 kila mwezi maisha yake yote. Hesabu hiyo angeweza kuifanya mwenyewe kwa chaki, ubaoni, wanafunzi wakimtazama.

Mpango mpya ulianza tarehe 1 Januari 2021, karibu miaka tisa baada ya sheria yake kupitishwa mwaka 2012. Watumishi walio chini ya umri wa miaka 45, wakiwemo walimu na polisi, waliingizwa kwa lazima. Waliotimiza umri huo waliachiwa hiari. Makato yalianza kwa asilimia 2 ya mshahara katika mwaka wa kwanza, yakawa asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 tangu mwaka wa tatu. Serikali nayo huongeza asilimia 15. Kwa mshahara ule ule wa shilingi 60,000, mwalimu hutoa 4,500 na serikali 9,000, jumla shilingi 13,500 kila mwezi. Je, atakapostaafu atalipwa kiasi gani? Chaki haitoshi tena. Jibu linategemea faida ya uwekezaji, gharama za wasimamizi, mfumuko wa bei, na uaminifu wa serikali katika kuwasilisha sehemu yake kwa wakati.

Tofauti hii ndiyo iliyostahili kupewa majina mawili. Ule wa kwanza ungeitwa pensheni ya ahadi. Huu wa pili, pensheni ya akiba. Katika pensheni ya ahadi, hasara ya soko humwangukia mwajiri. Katika pensheni ya akiba, humwangukia mzee. Mtu akiambiwa kwamba ameondolewa kwenye ahadi na kupelekwa kwenye akiba, huuliza maswali mara moja: akiba iko wapi, nani anaitunza, ikipungua nitamdai nani? Akiambiwa tu kwamba pensheni yake "imeboreshwa", hutia sahihi.

Hapana haja, hata hivyo, ya kuusifu mfumo wa zamani kupita kiasi. Ahadi ya serikali ilikuwa imara kadiri serikali ilivyotaka iwe. Walimu waliostaafu baada ya mkataba wa nyongeza ya mishahara wa mwaka 1997 walikokotolewa pensheni kwa mishahara ya zamani, wakaenda mahakamani, wakashinda katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2008, na wengi wao waliingia kaburini kabla ya kuonja matunda ya ushindi huo. Isitoshe, mzigo wa pensheni isiyochangiwa ulikuwa ukiielemea hazina ya serikali mwaka baada ya mwaka. Akiba iliyo katika jina la mtumishi ina faida zake: akihama kazi, huhama nayo. Hoja hapa si kwamba badiliko halikuwa na sababu. Hoja ni kwamba walioguswa nalo hawakupewa lugha ya kulipima.

Upande wa matibabu mambo ni ya kustaajabisha zaidi. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Matibabu, iliyoundwa mwaka 1966, iliondolewa, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikaanza kazi. Awali mwajiriwa hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Katika zoezi hili serikali ilikumbuka Kiswahili. Hata mpango wa kuwawezesha wasio na ajira rasmi kumudu mchango wa mwaka mzima ulibatizwa jina la Lipa SHA Pole Pole. Kumbe lugha ya taifa haina upungufu wa istilahi pale penye fedha za kukusanywa! Lakini mstaafu anayetaka kujua kwa nini bima pana aliyokuwa nayo kazini inakoma pale pale miaka 60 inapotimia, yaani magonjwa yanapoanza kubisha hodi, hapati mpango wenye jina tamu namna hiyo. Tangu Desemba 2024 sheria ya kodi inamruhusu mfanyakazi kutenga hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, bila kutozwa kodi, katika mfuko wa matibabu baada ya kustaafu. Nafuu hiyo ni njema. Ni walimu wangapi wa shule za msingi wamewahi kuisikia?

Atatokea wa kusema kwamba walimu na polisi wa Kenya husoma Kiingereza, na kwamba hata kanuni za Tanzania za mwaka 2018 ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini humo ilikuja mwaka 2021. Ni kweli pia kwamba kilichowakasirisha Watanzania ni fedha, si sarufi. Hata hivyo hasira ile ilipata neno ambalo mwalimu, mkewe, shemeji yake na dereva wa daladala waliweza kulitumia pamoja, na jambo linalozungumzwa na jamaa wote ni vigumu kulimaliza kimyakimya kwa waraka.

Tena fomu ya kustaafu haimhusu aliyeisoma peke yake. Sheria ya zamani ilimpa mjane na watoto pensheni kwa miaka 5 baada ya mstaafu kufariki. Katika mpango wa akiba, mstaafu anaweza kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo. Theluthi mbili zilizosalia huamuliwa kwa alama moja ya kalamu. Anaweza kuipa kampuni ya bima fedha hizo ili imlipe kila mwezi hadi kifo chake, au kuziacha mfukoni na kuzichota kidogo kidogo. Akichagua malipo ya maisha yake peke yake, bila kipengele cha kumlinda mwenzi wake wala muda wa dhamana, malipo yanaweza kukoma siku anapozikwa. Mke wake, ambaye huenda hakufika darasa la nane, hakushauriwa, kwa kuwa karatasi yenyewe haikuzungumza naye. Na hii ni nchi ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba yake ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaosomea ualimu hawana hiari katika jambo hili. Watakaoajiriwa kwa masharti ya kudumu wataingia katika pensheni ya akiba tangu mshahara wa kwanza, na miaka watakayoipoteza wakiwa walimu wanagenzi ni miaka ambayo asilimia 15 ya serikali haiwekwi. Katika mfumo wa akiba miaka ya mwanzo ndiyo yenye thamani kubwa, kwa maana fedha zake huzaa kwa muda mrefu zaidi. Vyama vya walimu vinapodai wanagenzi waajiriwe, hutaja posho duni. Ni nadra kutaja hasara hii.

Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo vina kazi iliyo mkononi mwao. Fomu za mpango huu na masharti yake si msitu usiopenyeka. Darasa moja la tafsiri lingeweza kuzigeuza katika muhula mmoja, likabuni istilahi, likazijaribu kwa wazazi wa wanafunzi wenyewe kabla ya kuziwasilisha kwa vyama vya wafanyakazi. Wimbi la kwanza la walioingizwa kwa lazima litaanza kutimiza miaka 60 mwaka 2036. Kabla ya hapo wengine watafariki kazini, na fomu zao zitajazwa na watu wa nyumbani kwao.