Nje ya Baraza, Ndani ya Dhima

Serikali ya vyama 8 iliyoundwa Israel mwezi Juni 2021 ilipita bungeni kwa kura 60 dhidi ya 59. Ra'am, chama kitokanacho na tawi la kusini la Harakati ya Kiislamu, kilikuwa na wabunge 4. Bila kura zao isingesimama. Hata hivyo hakikuchukua wizara hata moja. (Waziri Mwislamu alikuwapo, Issawi Frej, lakini wa chama cha Meretz.) Wapo waliosifu, eti mikono imebaki safi. Sisi hatukubali. Julai hiyo hiyo kiongozi wao, Mansour Abbas, aliunga mkono kurefushwa kwa sheria iliyowazuia Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza kuishi na wenzi wao walio raia wa Israel. Kura zikafungana, 59 kwa 59, sheria ikaanguka. Haikuanguka kwa mkono wake.