Moshi wa Bahati: Gari Kuukuu la Dizeli na Lugha ya Muuzaji

Usilolijua, walinena wahenga, ni kama usiku wa kiza. Methali hii aghalabu hutumiwa katika insha za shuleni kuisifu elimu, kisha ikaachwa huko huko darasani. Mahali inapouma kwelikweli ni katika ua wa mkulima wa Bahati, saa kumi na moja za alfajiri, pikapu ya dizeli yenye umri wa miaka ishirini na mitano inapokataa kuwaka, nayo magunia ya viazi yamekwisha kupakiwa.

Bahati iko kaskazini-mashariki mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara iendayo Subukia na Nyahururu. Ukielekea upande wa Dundori ardhi huzidi kupanda na baridi nayo huzidi. Watu wa huku hulima viazi, karoti, kabichi na mahindi, hufuga ng'ombe wa maziwa, na mazao yao hayana budi kufika sokoni kabla jua halijawa kali. Barabara nyingi za ndani ni za udongo, na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Ndiyo sababu gari la dizeli limepata heshima kubwa katika eneo hili. Lina nguvu ya kupanda mlima na shehena, na halina ulafi wa mafuta kama la petroli. Peugeot 504, Land Rover, Toyota Hilux, Isuzu: majina haya hutajwa huku kwa mapenzi yale yale wanayotajiwa ng'ombe waliowahi kutoa maziwa mengi.

Ni jambo lisilopingika kwamba gari likizeeka huharibika. Hata hivyo, makala haya yanadai kuwa sehemu kubwa ya hasara impatayo mwenye gari kuukuu haitokani na uzee huo. Inatokana na ukweli kwamba gari huuzwa, hutengenezwa na kutozwa fedha kwa lugha ambayo mwenyewe haielewi, na wapo watu wengi ambao kutoelewa huko ndiko mtaji wao.

Na tuanze na hilo gari lisilowaka. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ya kwanza iliyofanikiwa ilionyeshwa mwaka 1897, aliijenga juu ya wazo moja: hewa ikigandamizwa sana hupata joto kali, na mafuta yakirushwa ndani ya hewa hiyo huwaka yenyewe. Injini ikiwa baridi, joto hilo hupotelea katika chuma. Kwa hiyo injini nyingi za zamani zina hita plagi, vijiti vidogo vinavyopashwa moto na betri kwa sekunde chache kabla ya kuwasha. Hita plagi zikiungua, gari litawaka vizuri saa nane mchana mjini Nakuru na kukataa alfajiri kule Dundori. Mwenye gari asiyelijua hili husukumwa na majirani wanne hadi kwenye mteremko, na baada ya wiki mbili za kusukumwa huuziwa betri mpya. Betri ya kale haikuwa na kosa lolote.

Kisa cha moshi ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Bahati iko juu zaidi. Katika kimo cha mita 2,000 hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Pampu ya dizeli ya kizamani haina habari hiyo. Huendelea kurusha mafuta kwa kipimo kile kile kana kwamba bado iko pwani. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha hayaungui yote, na gari hutoa moshi mweusi kila likipanda kilima. Fundi ajuaye kazi yake hukaza au kulegeza parafujo moja kwenye pampu, akapunguza kipimo cha mafuta, na shida ikapungua. Fundi mwingine, au muuza vipuri aliyejifanya fundi, hutikisa kichwa na kusema nozo zimekufa, zote nne. Mkulima hununua nozo nne. Moshi unaendelea. Hapo huambiwa kwamba sasa ni pampu.

Haifai kudhani kuwa kila moshi ni wa aina hiyo. Moshi wa buluu huashiria oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweupe, injini ikisha kupata joto, huweza kuwa ni mafuta yasiyowaka au maji yaliyopenya kutoka kwenye rejeta. Gari lililochemka katika mlima wa Subukia huenda likapinda silinda hedi, maji yakaingia kwenye oili, na kijiti cha kupimia oili kikatoka na kitu kinachofanana na chai ya maziwa. Mkulima akiona chai hiyo hahitaji kuambiwa na mtu kwamba fedha za karo zimekwenda.

Fauka ya hayo, kuna suala la mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli, kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, na wauzaji wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli ili wapate faida. Mwezi Septemba mwaka 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha mchezo huo. Hatua hiyo iliwaumiza maskini wanaopikia na kuwashia taa mafuta hayo, lakini hilo ni jambo la makala nyingine. Linalohusu hapa ni kwamba pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe ipitayo ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Pampu iliyoyanywa kwa miaka mingi hulika ndani kwa ndani, na mwenye gari hulipia leo senti alizoibiwa na mtu mwingine zamani, kituoni, bila yeye kujua.

Hapa ndipo muuzaji anapoingia. Katika yadi za magari na maduka ya vipuri, maneno yana bei. Kipuri kile kile huitwa jenuini, orijino, eks-Japani, ama cha Dubai, na kila jina lina gharama yake. Muulize muuzaji tofauti ya jenuini na orijino. Atakutazama kama mtu aliyeulizwa tofauti ya maji na maji. Kipuri kikikataa baada ya siku tatu, ankara iliyoandikwa kwa Kiingereza hutolewa na kidole kikawekwa kwenye mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo, usemao kwamba kilichouzwa hakirudishwi. Lile gari lenyewe huuzwa kwa mtindo huo huo. Mita ya kilomita huonyesha tarakimu za kupendeza, maandishi ya Kijapani mlangoni yanaeleza oili ilibadilishwa lini na mkanda wa injini lini, na si muuzaji wala mnunuzi awezaye kuyasoma. Broka husimama katikati akisema gari ni safi. Safi kwa maana ipi? Limeoshwa.

La kushangaza ni kwamba lugha ya kuyaeleza maradhi haya ipo, tena ni Kiswahili, na ni tamu. Imo vinywani mwa mafundi wa jua kali. Fundi husema injini inakula oili, inakohoa, imechemka, imeshika, imechoka. Lugha hii huifanya mashine kuwa mwili wenye maradhi, na sitiari zake hazikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Kila moja hutaja ugonjwa mmoja mahususi. Chukua neno kupumua. Ringi za pistoni zikilika, hewa ya mgandamizo huvuja chini na kutokea kwenye mdomo wa kutilia oili, ikitoka kwa mipigo.

"Mzee, hii injini inapumua," fundi husema.

"Ashukuriwe Mungu," mzee hujibu, kwa kuwa katika maisha yake yote kupumua kumekuwa habari njema.

Kichekesho hicho kinabeba tatizo zima. Fundi amesema kweli, tena kwa Kiswahili, na mzee hakuelewa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha sajili ya karakana. Katika shule za sekondari za Kenya mwanafunzi hufundishwa sajili ya mahakamani, ya hospitalini, ya bungeni, hata ya matatu. Wengi wao hawatawahi kusimama bungeni. Karibu wote watasimama siku moja mbele ya gari lililofunuliwa boneti, wakiwa na fedha za watu mfukoni, wakijaribu kubaini kama wanadanganywa.

Wapo watakaopinga kwa kusema kuwa msamiati huu ni Kiingereza kilichovishwa kanzu: nozo, pampu, gasketi, rejeta. Pingamizi hili halina uzito. Gari ni neno lililotoka Kihindi. Parafujo ni la Wareno. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujashikwa na dereva wa matatu, nao ulitoka Uarabuni. Dizeli lenyewe ni jina la ukoo wa mtu. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi ya istilahi za msingi za kiufundi, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wanataaluma hawakuamka kabisa. Ila kamusi hukaa maktabani, na fundi yuko chini ya gari. Neno lililokubaliwa na mafundi wa Nakuru, Thika na Mombasa bila kikao limekwisha kusanifiwa na watumiaji wake. Lililobaki ni kuliandika.

Aidha, sheria nayo imekwisha kutangulia. Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na maelezo anayohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 imeingia hata ndani ya karakana. Inamtaka mtengenezaji wa magari atoe makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi, wala asiyapite kwa zaidi ya asilimia 10. Inampa mwenye gari haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Kipuri kipya na kazi ya kukitia vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Nozo zile nne, kwa maneno mengine, zilikuwa na dhamana tangu siku zilipofungwa. Ni wakulima wangapi wa Bahati wanaolijua hilo? Sheria imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, nacho Kiingereza hicho hakifiki Dundori.

Kwa haki, mfanyabiashara naye ana lake la kusema. Gari la miaka ishirini na mitano haliwezi kudaiwa tabia ya gari jipya, na wapo wenye magari wanaoshinda wiki wakibana shilingi mia mbili za chujio la dizeli halafu wakaja kulia juu ya pampu. Wapo pia wauzaji waaminifu ambao hupoteza wateja kwa kusema ukweli, kwani mteja asiyeelewa maelezo humkimbilia mwenye maneno matamu. Hao nao wangenufaika endapo pande zote mbili zingekuwa na maneno mamoja.

Vyama vya Kiswahili vya wanafunzi huandaa makongamano kila mwaka kuhusu utandawazi na mustakabali wa lugha. Si vibaya. Lakini wanafunzi watano wakikaa karakanani kwa wiki mbili, wakiwa na daftari na ruhusa ya kuuliza maswali ya kijinga, wangerudi na istilahi ambazo hakuna kongamano litakalozizaa. Kisha serikali ya kaunti ingeombwa jambo dogo tu: makadirio ya matengenezo na hati ya mauzo ya gari viandikwe pia kwa Kiswahili. Wasiwasi kwamba haiwezekani hauna msingi. Makadirio ya ile pikapu yangekuwa mistari mitano:

Hita plagi mbili kati ya nne zimeungua, zibadilishwe. Nozo ni nzima. Pampu inarusha mafuta mengi kwa kimo hiki, ipunguzwe. Injini inapumua kidogo, maana yake ringi zimeanza kulika. Inaweza kungoja hadi baada ya mavuno. Vipuri vya zamani atarudishiwa mwenyewe.

Mzee angeisoma karatasi hiyo bila mkalimani, akaikunja, akaitia mfukoni, na kwenda kuuliza bei kwa fundi wa pili.