Fedha ya Bure Haipo Sokoni

Juma lililopita alinijia nyumbani mtu niliyemfundisha darasa la sita, wakati huo mimi nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuoni juzi juzi. Siku hizi naye ni mwalimu mstaafu, na nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Alinipa shikamoo yake, tukanywa chai, tukaulizana habari za watoto na wajukuu. Baada ya hapo akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na hesabu iliyopangwa vizuri, nami nilifurahi kuona mkono wake haujaharibika.

Mafao yake ya mkupuo yametoka. Kuna mtu amemwambia kwamba kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam iko mbioni kununuliwa na kampuni kubwa. "Mwalimu," akaniambia, "hii ni fedha ya bure. Mnunuzi amekwisha kutaja bei yake, na sokoni hisa bado zinauzwa chini ya bei hiyo. Nanunua leo, nangoja, nalipwa tofauti."

Nilimwambia asifanye hivyo, lakini nilimwambia kwa ukali, na mtu aliyekuja na hesabu hajibiwi kwa ukali. Hujibiwa kwa hesabu. Basi haya ndiyo majibu ambayo ningempa siku ile, nami nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila mwaka walimu, wauguzi na makarani wa nchi hii hustaafu, hupokea kwa mara moja fedha ambazo hawajapata kuzishika maishani, na kabla hazijapoa mkononi hutokea mtu wa kuwafundisha namna ya kuzizalisha.

Kwanza nikiri. Mimi mwenyewe nilikwisha kuingia katika shimo hilo. Miaka kadhaa iliyopita niliuza kiwanja changu cha pili, nikamwahidi mke wangu kwamba fedha ile itaezeka nyumba yetu ya kijijini. Kabla ya kununua bati nikasikia kwamba kampuni fulani, ambayo sitaitaja, inataka kununuliwa. Nikaenda kwa dalali wa hisa, naye sitamtaja, nikanunua. Miezi ikapita bila neno. Ukapita mwaka na zaidi, ndipo likatoka tangazo fupi kwamba mazungumzo yamekoma. Bei ikarudi ilikotoka, kisha ikateremka zaidi. Mke wangu alipougua nikataka kuuza, nikakaa majuma matatu bila kupata mnunuzi. Nilipompata, zaidi ya robo ya fedha yangu ilikuwa imekwenda. Dalali hakunidanganya katika lolote. Alilipwa ada yake nilipoingia, akalipwa ada yake nilipotoka. Nyumba ile iliezekwa baadaye kwa fedha ya mwanangu, na mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, hajapata kunisema hata leo. Ningependa angenisema.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme hisa ilikuwa ikiuzwa shilingi 1,000. Anatokea mnunuzi anasema ataichukua kwa shilingi 1,500. Siku ya pili bei sokoni haiwi 1,000 tena, inapanda hadi 1,400. Mwanafunzi wangu anaona shilingi 100 zimelala chini zikimngoja aziokote. Mimi namwuliza: kwa nini zimelala? Wenye fedha nyingi kuliko wewe, wenye wanasheria na wahasibu, wamezipita bila kuinama. Je, hawakuziona?

Waliziona. Shilingi 100 zile ni ujira wa kubeba hatari. Mpango ukifanikiwa, aliyenunua kwa 1,400 anapata 100. Mpango ukivunjika, hisa inarudi 1,000 naye anapoteza 400. Akifanya biashara hiyo mara tano, akafanikiwa mara nne na kukosa mara moja, amepata 400 na kupoteza 400. Mara nne kati ya tano, jamani! Mtihanini hizo ni alama 80 kwa mia, na kwetu mtoto wa namna hiyo hupewa zawadi mbele ya wazazi. Huyu wa sokoni amerudi nyumbani mikono mitupu, tena bado hajatoa ada ya dalali. Hata akifanikiwa, 100 juu ya 1,400 ni kama asilimia saba tu. Akingoja miaka miwili ni asilimia tatu na nusu kwa mwaka.

Je, kungoja miaka miwili ni kutia chumvi? Tazama mfano wa Tanga Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani, ambayo tayari ilikuwa mwenye hisa mkubwa wa Twiga Cement, inataka kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement kutoka kwa AfriSam. Aprili 2022 Tume ya Ushindani ikatoa idhini. Waliopinga wakaenda mbele ya Baraza la Ushindani, na Septemba 2022 Baraza likaifuta idhini ile, kwa kuwa kampuni hizo mbili zikiwa chini ya mkono mmoja zingevuka kiwango cha asilimia 35 ya soko. Mwaka 2023 jambo likaletwa upya, likabishaniwa hadharani, na mwisho likapita. Mwaka 2024 umiliki mkubwa wa Tanga Cement ukawa mikononi mwa Amsons, kampuni ya Kitanzania.

Najua atakayesema: "Lakini mwisho si lilipita?" Lilipita, na huenda aliyevumilia alipata chake. Lakini hebu jiweke katika nafasi ya mstaafu aliyenunua baada ya idhini ya Aprili, akidhani kazi imekwisha, kisha akasoma gazeti la Septemba. Jambo lililoamua hatima ya fedha yake halikuwa ubora wa saruji, wala wingi wa mawe ya chokaa, wala bidii ya wafanyakazi wa kiwandani. Lilikuwa hoja ya kisheria kuhusu mgawanyo wa soko. Mwalimu mstaafu anaweza kwenda dukani akaona kama watu wananunua saruji ya Simba. Hawezi kuingia katika vichwa vya wajumbe wa Baraza akajua wataamua nini.

Tena tutazame jirani, maana Soko la Hisa la Nairobi limepitia mengi ya namna hii kuliko letu. Wenye hoja ya fedha ya bure hupenda kumtaja Rea Vipingo, kampuni ya mkonge ya pwani ya Kenya iliyokuwa pia na mashamba ya Amboni kule Tanga. Novemba 2013 mwanahisa wake mkubwa alitoa shilingi 40 za Kenya kwa kila hisa ili aichukue yote. Centum wakaingia na 50. Wakashindana, bei ikapanda kwa vishindo, na hatimaye yule wa kwanza akashinda kwa 85. Aliyenunua baada ya tangazo la kwanza alifanya vizuri sana. Nakubali bila kusitasita, maana hoja isiyokubali ukweli wa upande wa pili ni ubishi tu.

Lakini si kila mtihani ulikuwa kama ule wa Vipingo. Mei 2012 ilijulikana kwamba Puma Energy inataka kuichukua KenolKobil. Machi 2013 mazungumzo yakakoma, na walionunua kwa kutegemea ndoa ile wakabaki na hisa za kampuni iliyokuwa na hasara kubwa. Kisha Julai 2024 hao hao Amsons walitoa shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi Cement, ambayo ilikuwa ikiuzwa karibu 45. Akajitokeza mshindani, Savannah Clinker, kwa shilingi 70, halafu akapandisha hadi 76.55. Bila shaka wengi walisema: "Vipingo imerudi!" Desemba 2024 mshindani akajiondoa, na Bamburi ikachukuliwa kwa 65 zile zile za mwanzo. Aliyenunua kwa zaidi ya 65 akiingoja 76.55 alijifunza kwamba bei iliyotajwa si bei iliyolipwa.

Ndugu msomaji, nani basi aliyefaidika kweli kule Bamburi? Ni yule aliyekuwa na hisa zake tangu bei ikiwa 45, aliyezinunua kwa sababu aliiamini saruji na alitaka gawio. Kwake mnunuzi alikuja kama mvua ya vuli kwa mtu aliyekwisha kulima. Anayenunua baada ya tangazo analikimbilia shamba wakati mvua inanyesha, akiwa na mbegu mkononi na jembe hana.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Wewe na mimi tunasikia habari hizi tukiwa wa mwisho. Mwaka 2018, Rubis ya Ufaransa ilipotangaza kuinunua KenolKobil kwa shilingi 23 za Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ililazimika kuzuia hisa zilizonunuliwa kabla ya tangazo, ikiwashuku wanunuzi kwamba walijua habari za ndani. Sisemi kila soko limejaa watu wa namna hiyo. Nasema kwamba habari ikifika kwenye benchi la wastaafu chini ya mwembe, imekwisha kupita mikono mingi, na kila mkono umenyofoa kipande. Kinachotufikia ni mfupa.

Nayo matangazo yenyewe? Kampuni inapokuwa katika mazungumzo ya kununuliwa hutoa tangazo la tahadhari linalowataka wanahisa wawe waangalifu wanaponunua au kuuza. Shabaha yake ni onyo. Lakini mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, katika kona ya gazeti ambalo mstaafu wa Korogwe au Masasi halinunui. Anayemfasiria ni mtu mwenye kitu cha kumwuzia, na katika tafsiri hiyo onyo hugeuka mwaliko. Nimefundisha miaka mingi, nami nasema bila woga: taifa ambalo limewaalika wananchi wake wanunue hisa kwa Kiswahili, kwa mabango na redio, lina deni la kuwaonya kwa Kiswahili pia.

Watu husema wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Methali hiyo ni ya kweli, ila nyasi hazina miguu. Sisi tunayo, na bado tunatembea wenyewe hadi uwanjani kwa sababu mtu ametuambia kuna fedha chini ya nyayo za tembo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sichukii hisa. Ninazo chache hadi leo, nilizozinunua kwa kujua kampuni inatengeneza nini na inalipa gawio kiasi gani, na hazininyimi usingizi. Nawe uliye tayari na hisa za kampuni inayotakiwa, tulia. Usikimbilie kuuza siku ya kwanza kwa hofu, wala usikatae bei nzuri kwa tamaa. Waraka wa mnunuzi ukija, tafuta wa kukusomea asiyelipwa kwa jibu lako. Na bei ya sokoni ikipanda karibu na bei iliyotajwa, kuuza na kuondoka si ujinga. Ujinga ni kuwa yule anayenunua kutoka kwako.

Kwa mwanafunzi wangu nina maneno machache. Hesabu yako ilikuwa sahihi kwa kila mstari isipokuwa mmoja uliousahau, mstari wa mpango kuvunjika. Hukuuandika kwa sababu aliyekupa hesabu hakukupa. Uandike sasa, kisha jumlisha upya. Halafu mpelekee karatasi hiyo mkeo kabla ya kuipeleka kwa dalali, umwonyeshe mstari ule kwa kidole. Mimi sikufanya hivyo. Nilirudi nyumbani na risiti ya hisa badala ya bati, na mvua za mwaka ule zilitukuta nyumba ikiwa bado na kenchi tupu.