Kohozi Lisilokwisha Kooni

Je, kila asubuhi unasafisha koo, na bado kohozi limeganda palepale? Huenda jirani amekwisha kukuambia kuwa kimeo chako kimerefuka, uende kikatwe. Usikubali.

Pua na koo hutoa ute kila siku ili kunasa vumbi na vijidudu, nasi huumeza bila kujua. Ukizidi, kuna kinachouchochea. Hapa Tegeta huweza kuwa vumbi la mitaani au moshi wa jiko la mkaa. Pengine ni mafua au aleji, kamasi zikiteremkia kooni. Au kiungulia, kwa kula usiku na kulala papo hapo. Kukata kimeo hakuondoi sababu hizo. Wembe wa mganga waweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI.

Jaribu haya:
- Kunywa maji ya kutosha.
- Sukutua kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi.
- Nyunyiza maji uwanjani kabla ya kufagia, na upikie penye hewa.
- Kula saa 3 kabla ya kulala.

Lakini mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, kukonda au makohozi yenye damu, aende kupimwa kifua kikuu. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure, na ugonjwa huu hupona. Kinachopimwa ni makohozi hayohayo yanayokusumbua. Usione haya kuyapeleka, mama.